He shou wu: mzizi wa Kichina unaouzwa kama dawa ya mvi ni kitu gani hasa?

Anayepita kwenye mitandao ya kijamii siku hizi atakuwa amekutana na tangazo la namna hii: upande mmoja mtu mwenye kichwa cheupe pe, upande wa pili mtu yule yule nywele zikiwa nyeusi tii, na katikati kipande cha mzizi wa rangi ya kahawia. Maneno yake hayatofautiani sana. Ni mzizi wa kale wa Kichina, ni wa asili, hauna kemikali, unaondoa mvi kuanzia ndani, unaongeza nguvu za kiume, unaimarisha ini na figo. Wakati mwingine unauzwa kama unga, wakati mwingine kapsuli, mara nyingine shampuu au kipande cha sabuni.

Mzizi huo unaitwa he shou wu. Kwenye bidhaa zinazotoka Marekani huandikwa fo-ti, na kwenye chupa za shampuu utakuta jina la kisayansi, Polygonum multiflorum. Watu wanaoulizana juu yake wanajibiana kwa kupingana. Mmoja anasema aliutumia akaharisha siku nzima. Mwingine anasema ulimpa usingizi mzuri. Wa tatu anasema ndugu yake aliambiwa hospitali kwamba ini limeumia. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu jina hilo moja linatumika kwa vitu tofauti, na muuzaji haelezi ni kipi anachokuuzia.

Mmea wenyewe

He shou wu ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya vichaka, kuta za mawe na kingo za mitaro. Asili yake ni Asia Mashariki, hasa China ya kati na kusini, katika majimbo kama Guizhou, Sichuan, Hubei na Guangdong. Katika Guangdong kuna wilaya ya Deqing ambayo jina lake limeshikamana na mzizi huu katika biashara ya dawa za Kichina. Majani yake yana umbo la moyo, na mwaka unapoelekea mwisho hutoa vishada vya maua madogo meupe ambayo mtu asiyeujua angepita bila kuyatazama.

Kinachotafutwa kiko chini ya ardhi. Mizizi yake huvimba ikawa viazi vigumu, vyekundu vilivyochanganyika na kahawia. Ukikata kiazi kimoja kwa upana utaona duara moja katikati, na pembeni yake miviringo mingine midogo midogo. Wachina wanaufananisha mchoro huo na mawingu, na wafanyabiashara wazoefu huutazama kwanza kabla ya kununua.

Jina la Polygonum multiflorum alilitoa Mswidi Carl Peter Thunberg mwaka 1784. Tangu hapo wataalamu wa mimea wameuhamisha kutoka kundi moja hadi jingine, ndiyo maana kuna lebo zinazoandika Fallopia multiflora na nyingine Reynoutria multiflora. Usidhani ni mimea mitatu. Ni mmea mmoja.

Mzee He na wanawe

Sifa ya mzizi huu ina chanzo kinachojulikana. Mwanzoni mwa karne ya 9, wakati wa utawala wa Tang, mwanachuoni aitwaye Li Ao aliandika habari za mtu wa ukoo wa He. Mtu huyo, Neng Si, alikuwa na miaka 58, hakuwa na mke wala mtoto, dhaifu tangu kuzaliwa, na mpenda pombe. Usiku mmoja akiwa amelewa alilala nje mlimani. Akaona mashina mawili ya mmea unaotambaa, yaliyosimama mbalimbali, yakisogeleana na kujisokota pamoja, kisha yakaachana, kisha yakakutana tena. Kulipokucha akachimba mzizi wake. Mzee mmoja wa milimani akamwambia: wewe huna mrithi na mmea huu ni wa ajabu, huenda ni dawa, jaribu kuula.

Neng Si akausaga na kuunywa kwa pombe. Habari zinasema afya yake ilirudi, akaoa, akapata watoto. Mwanawe Yanxiu naye akautumia, na Yanxiu akamzaa Shou Wu, ambaye inasemwa aliishi miaka 130 na nywele zake bado nyeusi. Mmea ukachukua jina la mjukuu huyo: He, jina la ukoo, shou wu, kichwa cheusi.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu matangazo ya leo yanaikata. Kisa chenyewe kinaanza na mtu mgonjwa anayetafuta mtoto, na nywele zinatajwa tu kama alama ya mtu mwenye afya. Ni kisa cha ukoo kilichoandikwa na mtu aliyekisikia, na umri wa miaka 130 hauna hati yoyote ya kuuthibitisha. Hakidharauliki kama sehemu ya utamaduni. Ila hakiwezi kubeba mzigo wa ushahidi wa kitabibu ambao wauzaji wanakibebesha.

Habari za nguvu za kiume nazo zilipata msukumo mkubwa baadaye. Li Shizhen, tabibu aliyekamilisha kitabu kikubwa cha dawa, Bencao Gangmu, mwaka 1578, anaeleza kwamba mtawa wa Kitao alimpelekea mfalme Jiajing vidonge ambavyo he shou wu ndiyo iliyoongoza humo, na mfalme akapata watoto mfululizo. Vidonge hivyo vinajulikana kwa jina la hazina saba za kupendezesha ndevu. Dawa iliyompa mfalme warithi haihitaji tangazo, na kuanzia hapo mzizi ukawa maarufu nchi nzima.

Karne ya 20 ikaongeza kisa kingine. Li Ching-Yuen, mganga wa mitishamba aliyefariki mwaka 1933, alidaiwa kuishi zaidi ya miaka 250, na wauzaji wa Magharibi wakalitundika jina lake kwenye chupa za he shou wu. Dai hilo halikuthibitishwa kamwe.

Mbichi, uliopikwa, na shina

Hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia, kwa hiyo tuende taratibu.

Katika tiba ya Kichina, he shou wu mbichi na he shou wu iliyopikwa ni dawa mbili. Mbichi ni ule uliochimbwa, ukaoshwa, ukakatwa na kukaushwa tu. Huo kwa jadi ulitumika kulainisha choo kigumu, kutibu majipu, na kwa homa za malaria za muda mrefu. Hautumiki kwa mvi. Ndani yake kuna kemikali za kundi la antrakwinoni, kundi lile lile linalofanya kazi ndani ya sanamaki na shubiri. Aliyenunua unga wa mzizi mbichi akitafuta nywele nyeusi na badala yake akashinda chooni hakupata bahati mbaya. Alipata kile ambacho mzizi mbichi hufanya.

Uliopikwa hupitia safari ndefu. Vipande vya mzizi hulowekwa katika maji yaliyochemshiwa soya nyeusi, kisha huchemshwa au kupikwa kwa mvuke kwa saa nyingi hadi rangi iwe nyeusi au kahawia iliyokolea mpaka ndani. Desturi ya zamani ilitaka mvuke mara tisa na jua mara tisa. Viwanda vya leo kwa kawaida havifiki huko. Moto huo hubadilisha kemikali za mzizi, na nguvu ya kuharisha hupungua sana. Huu uliopikwa ndio uliopewa kazi ya kuongeza damu, kuimarisha viungo vya mgongo na magoti, na kuzuia mvi za mapema.

Msomaji anayejua muhogo mchungu hatashangaa. Kiazi kile kile kinaweza kumuua mtu au kumlisha, na tofauti yote iko katika kumenya, kuloweka, kuanika na muda. Mama anayetengeneza makopa anajua kwamba kupunguza siku ni kucheza na roho za watu. Lakini mfano huu uishie hapo, kwa sababu muhogo ukitayarishwa ipasavyo sumu yake huondoka, wakati he shou wu iliyopikwa vizuri imepunguzwa makali tu. Hatari yake kwa ini inabaki, kama tutakavyoona.

Kuna na shina. Shina la mmea huu hukaushwa na kuuzwa kama dawa ya tatu, ye jiao teng, yaani mtambazi unaokumbatiana usiku, jina linalorudi kwenye kile alichokiona Neng Si. Hilo hutumika kwa watu wasiopata usingizi na kwa kuoshea ngozi inayowasha. Kwa hiyo yule aliyelala vizuri huenda alikunywa shina, wala hakuugusa mzizi.

Kisha kuna mimea mingine kabisa. Katika sehemu kadhaa za China na Korea upo mzizi uitwao he shou wu nyeupe, ambao ni wa mimea ya jenasi ya Cynanchum. Hauna undugu wa karibu na huu tunaouzungumzia. Korea Kusini ilitikiswa mwaka 2015 pale shirika la kulinda walaji lilipopima bidhaa za mzizi mweupe uitwao baeksuo na kugundua kwamba nyingi zilichanganywa na mmea mwingine wa jenasi hiyo hiyo, ulio rahisi zaidi kulimwa. Ikiwa wanunuzi wa Seoul, wenye maabara na sheria kali, waliuziwa mmea usio wenyewe, mnunuzi wa Kariakoo au Eastleigh anayeagiza kwa simu hana namna ya kujua kilichosagwa ndani ya kapsuli.

Na tafadhali usitoe hela yako kwa mzizi wenye umbo la binadamu. Vyombo vya habari vya China vimeripoti mara nyingi viazi vya mimea mingine vilivyokuzwa ndani ya kalibu zenye umbo la mwanamume na mwanamke, vikauzwa kwa bei kubwa kama he shou wu ya miaka mingi. Mzizi haujichongi pua na kidevu.

“Unaimarisha ini” maana yake nini?

Sentensi hii imewaponza watu. Mganga wa Kichina anapotaja ini na figo, hataji viungo vile ambavyo daktari huvitazama kwenye ultrasaundi. Kwake, figo ni ghala la asili ya uhai inayotawala kukua, kuzaa na kuzeeka, na ini ni ghala la damu. Nywele nazo, katika mafundisho hayo, ni ziada ya damu. Mtu akiota mvi mapema, mganga husema ghala limepungua, na mzizi uliopikwa unalijaza. Ndani ya mfumo wake fikra hiyo inashikamana.

Shida inakuja maneno hayo yanapotafsiriwa yalivyo na kubandikwa kwenye chupa inayouzwa Afrika Mashariki. Mtu mwenye homa ya ini aina ya B, ugonjwa uliopo kwa wingi kwetu, anasoma “unaimarisha ini” na anadhani amepata dawa yake. Kwake yeye, mzizi huu ni miongoni mwa vitu vya mwisho anavyopaswa kumeza.

Madaktari wameandika visa vya watu walioumwa ini baada ya kutumia he shou wu tangu miaka ya 1990. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwa umma kuhusu mmea huu na matatizo ya ini. Australia inataka bidhaa zake ziwe na onyo hilo kwenye lebo. China yenyewe, nchi ya mzizi huu, mwaka 2014 iliweka kikomo kwa vyakula vya afya vyenye he shou wu: kwa siku gramu 1.5 za mbichi au gramu 3 za uliopikwa, pamoja na maonyo kwa wenye matatizo ya ini. Linganisha na kitabu rasmi cha dawa cha nchi hiyo, kinachoruhusu gramu 6 hadi 12 za uliopikwa pale mgonjwa anapokuwa chini ya tabibu. Serikali iliona kwamba mtu anayejinunulia mwenyewe, bila wa kumfuatilia, anahitaji kiasi kidogo zaidi. Uzito huo wa tahadhari haukutoka kwa wageni wenye chuki na tiba za Wachina. Ulitoka Beijing.

Kwa nini mmoja anakunywa miezi bila tatizo na mwingine anaumwa ndani ya wiki chache? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wagonjwa wengi wa China walioumia ini kwa mzizi huu walikuwa na alama fulani ya kurithi katika mfumo wa kinga, iitwayo HLA-B*35:01, mara nyingi kuliko watu wengine. Kwa hiyo ushuhuda wa rafiki kwamba “mimi nimetumia mwaka mzima sijaona kitu” unaeleza mwili wake tu. Na visa vilivyoandikwa vinahusu mzizi mbichi na uliopikwa pia, jambo ambalo wauzaji wanaojua kidogo hujitetea kwa kulikana.

Dai la “hauna kemikali” nalo halina msingi. Emodini iliyomo ndani ya mzizi ni kemikali, sawa na kwinini iliyotoka kwenye gome la mti. Mmea unatibu au unadhuru kwa sababu ya kemikali zilizomo. Ungekuwa hauna, usingefanya lolote.

Je, nywele zinarudi kuwa nyeusi?

Nywele hupata rangi kutoka kwa seli zilizo kwenye shina la kila unywele ndani ya ngozi. Seli hizo hutengenezwa upya kutoka kwenye akiba ndogo. Akiba ikiisha, unywele unaofuata unachomoza mweupe. Umri na urithi wa ukoo ndivyo vinavyoamua kwa kiasi kikubwa akiba hiyo itadumu hadi lini.

He shou wu imechunguzwa kwenye maabara, juu ya seli na panya, na yapo matokeo yanayoonyesha kwamba baadhi ya viambato vyake huchochea utengenezaji wa rangi. Huo ni mwanzo wa utafiti. Majaribio makubwa kwa binadamu, yenye kundi linalomeza dawa na kundi linalomeza kidonge kitupu, yanayothibitisha kwamba mvi zilirudi kuwa nyeusi, hayapo. Mtu anayekuahidi matokeo ndani ya siku 30 anaahidi kitu ambacho hata kasi ya ukuaji wa nywele haikiruhusu, maana unywele hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi.

Zipo mvi chache zinazoweza kuwa na sababu ya kutibika. Upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingoni ni baadhi. Kijana wa miaka 25 anayeona mvi zinaongezeka haraka, huku akichoka sana au akihisi ganzi miguuni, atafaidika zaidi na kipimo cha damu kuliko kapsuli yoyote.

Shampuu na sabuni ni jambo jingine. Kinachopakwa na kusuuzwa hakifiki kwenye ini kama kinachomezwa, kwa hiyo sabuni ya kawaida yenye unga wa mzizi huu haina hatari hiyo hiyo, wala haina sababu ya kubadili rangi ya nywele. Ila shampuu inayogeuza mvi kuwa nyeusi ndani ya nusu saa ni rangi ya nywele, hata kama sura ya chupa ni mzizi na majani. Rangi nyingi za aina hiyo hutegemea PPD (p-phenylenediamine), kemikali ile ile iliyomo katika piko wanayopambwa nayo maharusi wa Mombasa na Unguja. Wanaojua malengelenge na kuwasha kwa piko wanajua PPD inavyoweza kumfanya mtu ambaye mwili wake unaikataa. Soma orodha ya viambato. Ikiandikwa p-phenylenediamine, hapo ndipo weusi unapotoka.

Ukiamua kuutumia, au kama tayari unautumia

Anayetaka tiba ya Kichina kwa dhati amwendee tabibu aliyesajiliwa, anayeweza kusema wazi: ni mzizi au shina, mbichi au uliopikwa, gramu ngapi, kwa siku ngapi. Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na dawa zilizofungashwa huangaliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya kuna Pharmacy and Poisons Board. Bidhaa isiyo na usajili wala anwani ya mtengenezaji haistahili kuingia mdomoni.

Wasiopaswa kuumeza kabisa ni wenye ugonjwa wowote wa ini, wanaotumia dawa za kifua kikuu au nyingine zinazojulikana kulilemea ini, wanywaji wa pombe nyingi, wajawazito, wanaonyonyesha, na yeyote ambaye yeye au ndugu yake wa damu aliwahi kuumwa ini baada ya kuutumia.

Dalili za kuangalia ni uchovu usio na sababu, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, mwili kuwasha, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi, na macho kugeuka manjano. Ukiziona, acha mzizi siku hiyo hiyo na uende hospitali ukiwa na chupa au pakiti yake. Mwambie daktari jina la Polygonum multiflorum bila aibu, kwa sababu asipojua atatafuta malaria na homa ya ini kwa siku kadhaa huku sababu ikiwa nyumbani kwako kabatini. Wengi huanza kupata nafuu baada ya kuacha, ingawa inaweza kuchukua wiki au miezi, na wachache wamepoteza maisha. Ukipona, usiurudie hata kwa kiasi kidogo: wapo waliopona, wakaumeza tena, na ini likaumia upya.